Zau, Kalunga na Mtoto Aliyefiwa: Ubora na Kasoro za Mchezo Unaozungumza Kiswahili

Tunapofundisha fasihi vyuoni huzigawa tanzu zake kwa utaratibu uliozoeleka: ushairi, riwaya, tamthiliya, hadithi fupi, na upande wa pili masimulizi ya mdomo. Mchezo wa video hauna chumba katika nyumba hiyo. Ukitajwa, hutajwa na wazazi wanaolalamika kwamba watoto hawasomi, au na viongozi wanaotafuta chanzo cha utovu wa nidhamu. Katika makala hii nataka kuujadili mchezo mmoja wa video kama ambavyo ningeijadili riwaya, kwa kupima ubora wake na kasoro zake. Nafanya hivyo kwa sababu mchezo huo umegusa jambo ambalo sisi, pamoja na utu wetu wote tunaojivunia, hatujalishughulikia ipasavyo, nalo ni huzuni ya mtoto aliyefiwa.

Mchezo unaitwa Tales of Kenzera: Zau. Ulitoka tarehe 23 Aprili 2024. Umetengenezwa Uingereza na Surgent Studios, iliyoanzishwa na mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na umesambazwa na kampuni kubwa ya Marekani, Electronic Arts. Wanaofuatilia michezo hii wanaifahamu sauti ya Salim tangu mwaka 2017, alipomwigiza Bayek katika Assassin's Creed Origins; wapenzi wa tamthilia za televisheni wamemwona katika House of the Dragon. Alipoutangaza mchezo wake mbele ya dunia katika hafla ya The Game Awards, mwezi Desemba 2023, alizungumza kuhusu kumpoteza baba yake. Mchezo wote umejengwa juu ya kifo hicho.

Kisa chake ni hadithi ndani ya hadithi. Kijana Zuberi, anayeishi katika mji wa siku zijazo, amefiwa na baba yake. Mama anampa kitabu ambacho marehemu alimwandikia. Zuberi anakifungua, na humo tunakutana na Zau, mganga kijana wa zama za kale ambaye naye amefiwa na baba. Zau hakubali. Akiwa na vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, anamwita Kalunga, mwenye mamlaka juu ya wafu, na kufanya naye mapatano: nirudishie baba yangu, nami nitakuletea mizimu mitatu mikubwa iliyokukimbia. Kalunga anaridhia, na safari inaanza. Mwisho wake sitausimulia. Sababu mojawapo ni adabu kwa wale ambao hawajaucheza. Nyingine itajitokeza mbele.

Wataalamu wa fani hii watanikumbusha kwamba huu si mchezo wa kuigiza wahusika kwa maana yao kamili, yaani ule ambao mchezaji hujiundia mhusika wake, humchagulia tabia, na uchaguzi wake ukabadili hadithi. Zau ni Zau. Mchezaji humwongoza kuruka, kupigana na kupekua njia, lakini hamwamulii atakuwa mtu wa namna gani. Ni kweli. Hata hivyo, kwa mtoto ninayetaka kumzungumzia, tofauti hiyo haikuwa na uzito. Alimwingia Zau kama mtu anavyoivaa kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Mtoto huyo ni mpwa wangu. Mimi ni mzaliwa wa Simbo, mkoani Kigoma, ingawa kazi imeniweka Dar es Salaam kwa miaka mingi. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliugua kwa muda mfupi akafariki dunia wakati wa masika, akiacha watoto wanne. Mkubwa wao ni wa kiume, na alikuwa ametimiza miaka 15. Tulipokusanyika Simbo kwa arobaini, binti yangu, anayesomea uhandisi, alikuja na kompyuta mpakato yenye mchezo huo aliokuwa ameununua na kuupakua Dar es Salaam. Alimkalisha binamu yake barazani, akamwekea sauti za Kiswahili, akamwachia.

Kwa siku zote arobaini kijana yule alikuwa amesema maneno machache mno. Alichota maji, alikata kuni, alipokea wageni, alijibu alipoulizwa. Watu wakamsifu kwamba amejikaza. Sasa, jioni ile barazani, tulimsikia akipaza sauti: "Mwongo! Mwongo mkubwa we!" Mama yangu, aliyekuwa akichambua maharage, aliinua kichwa akaniuliza, "Huyu anamtukana nani?" Nikamweleza kadiri nilivyoweza kwamba anamtukana kifo. Bibi yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwacheni. Mimi nilikatazwa."

Nimeyafikiria sana maneno hayo, na naona ndani yake umo ubora wa kwanza wa mchezo huu: unamruhusu mtoto akasirike. Zau si yatima mpole wa hadithi zetu za shuleni, anayeinamisha kichwa na kusubiri malipo ya subira. Ana kiburi, anajibu wakubwa, anamfokea Kalunga, anavunja vitu. Mchezo haumkaripii, unakubali kwamba hasira ni lugha mojawapo ya mapenzi kwa aliyeondoka. Na Kalunga naye, ambaye katika mikono ya mtunzi mvivu angekuwa zimwi, anazungumza kama mzee mwenye subira, mkali pale inapobidi, mwenye mzaha wa hapa na pale. Anatembea na kijana. Kifo kinakuwa mwenzi wa njiani, jambo ambalo aliyefiwa hulielewa bila kufundishwa.

Ubora wa pili ni namna wazo hilo lilivyotiwa ndani ya mchezo wenyewe, si katika maneno tu. Kinyago cha jua hupigana kwa karibu, kwa moto. Cha mwezi hupiga kwa mbali, kwa utulivu na ubaridi. Mchezaji hubadili kimoja kwa kingine kwa kubonyeza kitufe, mara nyingi katika pambano moja, na anayeng'ang'ania kimoja hushindwa. Kila aliyewahi kuketi katika msiba anaijua hali hiyo: saa moja mtu anawaka, saa nyingine hana joto lolote, na hakuna anayeweza kumwambia ni ipi iliyo sahihi. Aidha, njiani kuna mibuyu. Zau huketi chini ya mbuyu, anatulia, anazungumza kuhusu baba yake, na anapoinuka uhai wake umeongezeka. Mtunzi angeweza kuongeza uhai wa mhusika kwa dawa au kwa nyara, kama ilivyo katika michezo mingi. Hapa kinachoongeza uhai ni kuketi na kusema.

Ubora wa tatu ni lugha, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Kizazi changu kilizisikia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika mabanda ya video, ambamo wafasiri mashuhuri kama Lufufu walisimulia juu ya sauti za waigizaji, wakichanganya tafsiri, maoni na utani. Baadaye, mwaka 2011, televisheni ya taifa ikarusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo tumezoea kuwasikia Wachina, Wahindi na Waturuki wakigombana sebuleni kwetu kwa Kiswahili fasaha. Katika yote hayo Kiswahili kilikuja nyuma, kama mkalimani, kutueleza maisha ya wengine. Katika Zau mambo ni tofauti kidogo. Kazi imetungwa na mtu ambaye asili yake ni Kenya, aliyesema hadharani kwamba babu yake alikuwa mganga. Na hata anayesikiliza kwa Kiingereza atamsikia Zau akimwita mzazi wake Baba. Ukichagua sauti za Kiswahili huoni kwamba umechagua tafsiri ya mbali. Kwa mpwa wangu neno hilo moja, likitamkwa na kijana wa rika lake kwa mtu ambaye hatajibu tena, lilitosha.

Sasa nigeukie kasoro, kwa maana kazi inayostahili heshima inastahili pia kusemwa ukweli.

Kasoro ya kwanza ni za ufundi, na nitazipita haraka. Mchezo ni mfupi. Mchezaji mzoefu huumaliza kwa saa chache. Maadui ni wa aina zisizo nyingi, wakijirudia kutoka pambano hadi pambano, na njia nyingi huelekea mbele tu bila kumlipa anayepekua pembeni. Zipo sehemu za kukimbizwa ambamo kosa dogo humrudisha mchezaji nyuma, na mpwa wangu alizirudia mara nyingi huku akisonya. Tena, mtunzi wakati mwingine hatuamini. Baada ya tukio lililosema kila kitu kwa picha na muziki, mhusika husimama na kutueleza tena kwa maneno kwamba alichokiona ni hofu au ni hasira, kama mwalimu anayeandika jibu ubaoni kabla ya wanafunzi kufikiri.

Kasoro ya pili ni ya kitaaluma. Mchezo umetangazwa kuwa umechota katika masimulizi ya Wabantu. Tuitazame mizimu mitatu. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Waxhosa, Wazulu na jirani zao kusini mwa Afrika. Huyo ni Mbantu bila shaka. GaGorib, hata hivyo, ni zimwi la masimulizi ya Wakhoikhoi, ambao lugha yao haina undugu na lugha za Kibantu. Kikiyaon, bundi mla roho, anatoka upande wa Senegambia, maelfu ya kilomita kutoka mpaka wowote wa Wabantu. Kalunga ndiye mwenye mizizi mirefu zaidi katika familia hii ya lugha. Kuanzia Angola hadi Kongo jina hilo, kwa sura mbalimbali, limetaja bahari, kuzimu, mpaka kati ya walio hai na wafu, na pengine Mungu mwenyewe.

Simlaumu mtunzi kwa kuchanganya. Njozi ni uwanja wa kuchanganya, na Wazungu nao wamewachanganya Wagiriki na Wanorwe bila kumwomba mtu ruhusa. Ninachokitilia shaka ni jina la jumla. Neno Bantu lilibuniwa na mwanaisimu wa karne ya 19, Wilhelm Bleek, kwa ajili ya kuainisha lugha. Baadaye watawala wa Afrika Kusini walilifanya kuwa chapa ya kuwabagua watu. Leo linarudi kwetu kama pambo la kuuzia bidhaa, likimeza Khoikhoi na Senegambia ndani yake. Mwanafunzi wa Kigoma anayejua kwamba Waha, kama jirani zao Warundi, humwita Mungu Imana, na kwamba bibi yake ana masimulizi yake mwenyewe kuhusu ziwa na milima, anastahili kuambiwa kwamba alichokiona ni ndoto nzuri ya msanii mmoja aliyekulia Uingereza. Si kamusi ya mababu zake.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, na aliyeigundua si mimi. Siku ya pili mama yangu alivuta kigoda akakaa nyuma ya mjukuu wake, akatazama kioo kwa muda mrefu. Alipendezwa na rangi. Kisha akauliza, "Watu wa kijiji hicho wako wapi? Mtoto kafiwa, hakuna hata mmoja wa kumletea maji?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu jibu halikuwepo. Nchi ya Kenzera ni nzuri mno: ina nyanda za juu, misitu, na ardhi kavu ya moto. Lakini karibu ni tupu. Zau hukutana na watu wachache sana, na kila mmoja ana shida yake inayomngoja yeye aitatue. Anaomboleza peke yake, njiani, na mwenzake wa kudumu ni Kifo. Jambo hili linaweza kutetewa. Wapo wanaosema upweke ndio hali halisi ya aliyefiwa. Mimi naona linatuonyesha mahali kazi ilipoandikiwa. Ni huzuni ya mtu wa mji mkubwa wa kisasa, anayezika alasiri na kurudi kazini wiki ileile, ambaye kama hakuumba safari yake mwenyewe hakuna atakayemwumbia. Vinyago ni vyetu, mibuyu ni yetu, jina la mauti ni letu, ila msiba wenyewe ni wa kwao.

Kwetu Simbo msiba ni watu. Siku shemeji alipofariki, kabla jua halijazama, viti vilikuwa vimekwisha kukopwa, turubai limefungwa, na daftari la rambirambi limefunguliwa kwa mstari na jina la kila aliyetoa, hata aliyetoa shilingi 500. Wanawake walikuja na unga wa muhogo, mawese, kuni na maji vichwani bila kuitwa. Walikesha, wakalala juu ya mikeka, wakamzunguka dada yangu usiku na mchana. Siku zote za matanga hakupika wala hakuachwa peke yake hata kwa kitambo cha kwenda kisimani. Hii ni taasisi. Haina ofisi, haina bajeti wala mfadhili, lakini inafanya kazi kwa uhakika ambao wizara zetu zingeuonea wivu. Anayetaka kuandika mchezo wa video kuhusu kifo katika Afrika na akaacha daftari la rambirambi nje, ameacha nusu ya hadithi.

Lakini nikishasema hayo kwa fahari, inanipasa nirudi kwa mpwa wangu. Katika umati ule wote, je, kuna aliyemwuliza yeye chochote? Nilikuwepo tangu siku ya pili, na nilichokisikia kilikuwa amri. Jikaze. Usilie mbele ya mama yako. Wewe ndiye baba wa nyumba sasa. Waliosema walikuwa watu wema, waliokuja kwa miguu kutoka mbali, na walisema kama walivyoambiwa wao zamani. Mtoto wa miaka 15 akakabidhiwa ubaba kabla ya kumalizika mazishi ya baba. Akaupokea kwa kunyamaza.

Shuleni hali haikuwa nafuu. Aliporudi, alidaiwa mazoezi ya siku alizokuwa msibani, na kwa kuwa hakuwa nayo akaadhibiwa pamoja na watoro. Sitaitaja shule hiyo, kwa sababu sina sababu ya kuamini kwamba ni mbaya kuliko nyingine. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana nafasi ya kujua nani amefiwa na nani. Nitataja sheria badala yake. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za mapumziko yenye malipo anapofiwa na mzazi. Ni siku chache, lakini ni utambuzi wa dola kwamba mtu aliyefiwa hawezi kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpwa wangu, ambaye msiba ulimhusu kuliko karibu kila mtu mzima pale chini ya turubai, alikuwa mtoro.

Hapa ndipo naona kwamba ubora wa mchezo huu na kasoro yake kubwa vinapaswa kusomwa pamoja, na vikisomwa hivyo vinageuka kuwa maelezo ya jamii mbili. Zau ana ruhusa ya kulia na kukasirika, lakini hana watu. Mpwa wangu ana watu, lakini hana ruhusa. Jamii iliyomzaa mtunzi ilimpa lugha ya kuzungumzia moyo wake ikamnyima ukumbi wa msiba. Yetu imetupa ukumbi, mikeka na maji, ikamfunga mtoto mdomo. Hakuna upande wa kujigamba mbele ya mwenzake. Wanaharakati wa utamaduni wanaoniambia kwamba huzuni, kama ugonjwa wa moyo, ni jambo la Wazungu, na wataalamu wa afya ya akili wanaokuja na vipeperushi vya kutufundisha kuomboleza kana kwamba hatujawahi kuzika, wote wawili ningewakalisha barazani na mama yangu kwa jioni moja.

Kigoma, kwa namna ya pekee, haina anasa ya kulipuuza jambo hili. Kwa miongo kadhaa mkoa huu umewapokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Nyarugusu imekuwepo tangu mwaka 1996, na Nduta imepokea Warundi waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 2015. Wapo watoto huko waliofiwa bila turubai, bila daftari, bila hata kaburi la kulionyesha. Wao wamekosa vyote viwili, watu na ruhusa. Tunapojadili sera za wakimbizi, za elimu au za afya, tunahesabu chakula, madawati na vyandarua, na ni sawa tuhesabu. Swali la mtoto amefiwa na nani, na ni nani aliyemwuliza, halina safu katika fomu zetu.

Yapo pia ya uchumi. Mchezo huu ulipotoka uliuzwa kwa takriban dola 20, yaani zaidi ya shilingi 50,000, kwa ajili ya kompyuta zenye nguvu na mashine za michezo. Haukutolewa kwa simu, ambayo ndiyo kompyuta ya Simbo. Kazi iliyotiwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo, haifikii sehemu kubwa ya wanaozungumza Kiswahili. Kama isingekuwa binti yangu na mkopo wake wa masomo, mpwa wangu asingeijua kamwe. Waliyoitengeneza nao hawakuvuna sana. Julai 2024, miezi mitatu tu baada ya mchezo kutoka, studio ilipunguza wafanyakazi, na Oktoba mwaka huohuo ikatangaza kwamba timu yake ya michezo iko hatarini kupoteza kazi wakati ikitafuta fedha za mchezo mwingine, safari hii wa kuigiza wahusika, katika ulimwengu uleule wa Kenzera. Mwishoni mwa mwaka mchezo ukateuliwa kuwania tuzo katika The Game Awards, kwenye kundi la michezo yenye mchango kwa jamii. Heshima ilikuja, mishahara ilikuwa imekwisha kuondoka.

Tumepewa na UNESCO siku ya Kiswahili duniani, tarehe 7 Julai, nasi huiadhimisha kwa makongamano, fulana na hotuba. Sina ugomvi na fulana. Ila ningependa kumsikia kiongozi mmoja akieleza ni kiasi gani taifa hili liko tayari kumpa kijana wa Kigoma au wa Tanga anayetaka kutengeneza mchezo wa simu kwa Kiswahili, wenye msiba wenye watu ndani yake, wenye daftari, wenye bibi anayeuliza maji yako wapi. Vijana wa kuandika programu tunao, na masimulizi tunayo. Wa kuyalipia hayo ndiye hatujamwona.

Hayo ya fedha yatachukua muda. Yapo yasiyohitaji fedha. Mwalimu anaweza kuanza kipindi kwa kuuliza nani hakuwepo na kwa nini, kabla ya kuuliza daftari la mazoezi. Ofisa elimu anaweza kuandika waraka wa nusu ukurasa kwamba msiba wa mzazi si utoro. Na sisi wajomba na baba wadogo, tunaofika msibani na suti zetu za mjini, tunaweza kuketi na mtoto wa marehemu na kumwuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani, kisha tukanyamaza mpaka ajibu.

Mimi nilimwuliza mpwa wangu swali hilo siku moja kabla ya kuondoka Simbo. Alizungumza kwa karibu saa nzima, akinieleza mambo ya shemeji yangu ambayo sikuyajua: jinsi alivyoogopa radi, jinsi alivyomdanganya mama kuhusu bei ya baiskeli. Alicheka mara mbili. Kompyuta tulimwachia, maana binti yangu alikataa kuichukua.

Juzi nilimpigia simu nikamwuliza amefika wapi. Akaniambia amewashinda mizimu wawili, na wa tatu anaweza kumshinda wakati wowote, ameshaijua njia yake. Nikamwuliza anangoja nini. "Nikimaliza, mjomba, si ndiyo basi?" akasema. Kisha akaniambia amerudi nyuma mpaka kwenye mbuyu mmojawapo, na kwamba mara nyingi jioni huwa anafungua mchezo, anamkalisha Zau pale chini, na kuuacha hivyo.